Umempima, au umemkadiria?

Mtu akisema "huyu binti hana kichwa cha hesabu", mimi humuuliza kwanza: umempima, au umemkadiria?

Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha jaribio la watoto wa miezi 11 wanaotambaa. Palikuwa na njia ambayo mteremko wake unaweza kuinuliwa au kulazwa. Kila mama alitakiwa aseme mwanawe ataweza kuteremka palipoinama kiasi gani, na mtoto naye akajaribiwa. Wenye mabinti walikadiria chini ya uwezo wa watoto wao. Wenye wavulana wakakadiria juu. Watoto wenyewe hawakupishana. Na hao ni mama waliowaona wakitambaa kila siku ndani ya nyumba! Kwa hiyo hoja ya "namjua mwanangu" haitoshi.

Hata kilio tunakisoma kwa jinsia. Watafiti John na Sandra Condry, mwaka 1976, waliwaonyesha watu wazima filamu moja ya mtoto wa miezi 9 anayelia baada ya mwanasesere kufyatuka kutoka kisandukuni. Walioambiwa ni mvulana waliona hasira zaidi, walioambiwa ni msichana wakaona woga. Sasa, mwenye woga hubebwa, mwenye hasira huachwa apambane na kisanduku. Anayebebwa kila mara hukosa mazoezi, na miaka michache baadaye kadirio la mkubwa linaweza kuwa kweli.

Darasani sumu imo kwenye maneno ya kusahihisha. Mvulana akikosa: "Unacheza wewe, ungetulia ungepata." Msichana akikosa: "Si haba, umejitahidi." La kwanza ni kali lakini linakiri uwezo upo. La pili ni la upole, na ndilo linaloumiza zaidi. Wote wawili waambiwe kosa lenyewe: "Kwenye 3/4 + 1/6 umejumlisha asili, 4 na 6, ukapata 10. Tafuta kwanza asili ya shirika, 12, ndipo ujumlishe."

Kwa mwalimu anayetaka kujikagua: mwombe mwenzako akae nyuma vipindi vinne na karatasi. Kila swali aandike kaulizwa nani, ni la kukumbuka au la kueleza, na umesubiri sekunde ngapi. Matokeo ya kipindi cha kwanza yatupeni, maana hapo bado unaigiza. Kuhesabu walioitwa tu kunadanganya: unaweza kuita wasichana 10 na wavulana 10, kumbe wasichana umewauliza "7 mara 8 ni ngapi?" na wavulana "umepataje?". Kuhusu kusubiri, mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alionyesha zamani kwamba walimu husubiri kama sekunde moja tu; wakifikisha 3, majibu hurefuka na wanaojitolea kujibu huongezeka.

Daftari zisahihishwe kwa namba badala ya majina, swali la 1 kwa wote kabla ya kwenda la 2. Kwa darasa lako mwenyewe hili huvuja, kwa sababu mwandiko unaujua. Badilishaneni na mwalimu wa mkondo mwingine.

Wavulana nao wana mzigo wao. Asiyesoma vizuri huitwa mtundu, anapewa mpira, na hakuna anayekumbuka kumpima macho.

Nyumbani angalia vitu vidogo: redio ikifa, nani anaitwa kushika bisibisi, na nani anaambiwa alete taa?

Kipimo rahisi kuliko vyote ni hiki. Kabla ya jaribio lijalo, andika alama unazotarajia kwa kila mtoto, funga karatasi, kisha toa kadirio kutoka alama halisi. Kukosea ni kawaida, ila makosa ya bahati huenda juu na chini. Ukikuta wasichana 12 kati ya 15 wamepita kadirio lako, na wavulana wengi wamebaki chini yake, basi umekuwa ukikadiria kwa jinsia; rudia zoezi muhula ujao, ukikadiria kutoka kwenye daftari zenye namba badala ya majina.