Lugha ndogo ya kuhariri picha: yanayodhaniwa na yalivyo

Ukisema umetengeneza lugha yako ya programu, hata iwe ya kupunguza mwanga wa picha tu, watu hukutazama kama umefanya mazingaombwe. Dhana hizo zinawanyima wanafunzi wengi zoezi zuri mno.

Dhana: Kutengeneza lugha ni kazi ya maprofesa.

Ukweli: Intapreta, yaani programu inayosoma maagizo na kuyatekeleza papo hapo, ina hatua tatu. Kwanza hukata maandishi vipande: majina, namba, alama. Kisha huvipanga kuwa mti unaoonyesha kipi kifanywe kabla ya kipi. Mwisho huupitia mti huo na kukokotoa. Lugha yenye majina, hesabu nne na mabano inatosha katika mistari mia chache ya lugha ya programu ya Python. Wala wazo si geni. Miaka ya 1980, Gerard Holzmann wa Bell Labs, Marekani, alitengeneza lugha ndogo iitwayo pico: unaandika fomula fupi, nayo inatumika kwa kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, ambayo mwanga wake ni namba kuanzia 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe). Ukitaka negativu, yaani picha ambayo mwanga na giza vimebadilishana, 255 toa thamani ya pikseli, basi.

Dhana: Picha ikionekana sawa, programu iko sawa.

Ukweli: Hii ndiyo inayoniuma, maana ilinilia siku tatu. Kwa lugha niliyoitengeneza, niliandika "picha - 40 - 30" ili kupunguza mwanga. Pikseli yenye 200 ilitakiwa ibaki 130. Kumbe kichanganuzi changu, ile sehemu inayopanga vipande kuwa mti, kilianza hesabu upande wa kulia: 40 toa 30 ni 10, halafu 200 toa 10 ni 190. Picha ilififia kidogo, nikaridhika. Jicho husamehe mengi sana.

Siku ya tatu niliacha picha za kamera nikatengeneza moja kwa mkono. Faili la PPM, muundo mmoja rahisi wa kuhifadhi picha, la aina ya P3 ni maandishi matupu: mstari wa kwanza P3, kisha upana na urefu, kisha 255, halafu namba tatu kwa kila pikseli, nyekundu, kijani na bluu. Unaliandika hata kwenye programu ya kawaida ya maandishi. Nilipoliona tokeo likiwa namba badala ya rangi, kosa lilijionyesha lenyewe.

Namba hizohizo zilifichua kosa la pili, katika agizo la kutia picha ukungu, ambapo kila pikseli huwa wastani wa yenyewe na jirani zake. Chukua safu ya rangi moja: 0 0 90 0 0. Ukiziacha za pembeni kama zilivyo, jibu sahihi ni 0 30 30 30 0. Mimi nilipata 0 30 40 13 0. Wastani wenyewe ulikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba nilikuwa naandika majibu juu ya picha ileile niliyokuwa naisoma, kwa hiyo pikseli ya tatu ilikuta jirani yake wa kushoto keshabadilika. Dawa yake ni kusoma kwenye picha ya zamani na kuandika kwenye mpya. Kwenye picha kubwa ya ufukweni nisingeligundua kamwe.

Dhana: Ukiongeza mwanga kupita kiasi, rangi hugota kwenye nyeupe.

Ukweli: Hugota ukiigotesha wewe. Baiti moja, kipimo kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta, hubeba 0 hadi 255. Katika lugha ya C ukihifadhi jibu kwenye baiti moja, au katika safu za aina ya uint8 (namba za baiti moja) za NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, 200 ukijumlisha 100 hupati 255, unapata 44, maana hesabu huzunguka na kuanza upya. Ukiona mawingu meupe yana mabaka meusi, anza kutafuta hapo. Fanya hesabu kwa namba pana zaidi, kisha bana jibu kati ya 0 na 255 wakati wa kuhifadhi.

Dhana: Intapreta lazima iwe na mwendo wa kobe.

Ukweli: Inakuwa hivyo ukiupitia mti upya kwa kila pikseli, mara milioni kwa picha ya 1000 kwa 1000. Acha kila tawi libebe picha nzima, na mti upitiwe mara moja tu.

Dhana: Ujumbe wa makosa ni mapambo ya baadaye.

Ukweli: Uanze nao. Kila kipande kikatwe kikiwa na namba ya mstari na ya herufi yake, ili programu iseme "mstari wa 4, herufi ya 12: mabano hayajafungwa". Mtumiaji wa kwanza wa lugha hiyo ni wewe, saa sita za usiku, na ujumbe wa "kosa" peke yake haukwambii uanze kutafuta wapi.