Silosaibini, fahamu na tiba ya sonona: maswali na majibu

Silosaibini ni nini?

Silosaibini ni kemikali inayopatikana katika aina nyingi za uyoga, hasa uyoga wa jamii ya Psilocybe. Ikiingia mwilini hugeuka kuwa silosini, ambayo hufika kwenye ubongo na, kwa muda wa saa kadhaa, hubadili namna mtu anavyoona, anavyosikia, anavyohisi kupita kwa muda na anavyojitambua yeye mwenyewe. Imo katika kundi moja na LSD na DMT, ambalo hapa tutaliita dawa za kuleta njozi.

Wamazateki wa jimbo la Oaxaca, nchini Meksiko, waliutumia uyoga huu katika ibada za uponyaji muda mrefu kabla maabara yoyote haijaujua. Mwaka 1957 jarida la Life la Marekani lilichapisha simulizi ya R. Gordon Wasson, mfanyakazi wa benki aliyehudhuria ibada iliyoongozwa na mganga María Sabina, na mwaka uliofuata Albert Hofmann, mkemia wa kampuni ya Sandoz mjini Basel, akaitenga silosaibini kutoka kwenye uyoga huo. Wageni walimiminika kijijini kwa María Sabina, wenzake wakamlaumu kwa kuitoa siri ya ibada, na nyumba yake ikachomwa moto. Jambo hili linastahili kutajwa mapema, kwa sababu utafiti huu ulianza kwa kupokea maarifa ya watu ambao hawakunufaika nayo.

Kama utafiti ulianza wakati huo, kwa nini ulikatika?

Katika miaka ya 1950 na 1960 dawa hizi zilichunguzwa na madaktari wa kawaida katika hospitali za kawaida. Sandoz iliwapelekea watafiti LSD, na huko Saskatchewan, Kanada, daktari Humphry Osmond na wenzake waliitumia kuwatibu watu wenye uraibu wa pombe. Majaribio ya aina hiyo hayakuwa ya ovyo yote: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 ulikusanya majaribio sita ya zamani yenye washiriki 536 na kukuta kwamba asilimia 59 ya waliopewa LSD walipata nafuu katika unywaji wao, ikilinganishwa na asilimia 38 ya wenzao ambao hawakupewa dozi kamili.

Mara nyingi husimuliwa kwamba serikali ziliogopa vijana na kufunga milango. Simulizi hiyo ina ukweli, lakini inawaachia watafiti wenyewe njia nyepesi mno. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliwapa LSD watu ambao hawakujua wanapewa nini. Katika chuo kikuu cha Harvard, mwanasaikolojia Timothy Leary aliacha taratibu za utafiti na kugeuka mhubiri wa dawa hizi, hadi akafukuzwa mwaka 1963. Hata kazi zilizosifiwa zilikuwa na doa. Mwaka 1962, Ijumaa Kuu, Walter Pahnke aliwapa silosaibini wanafunzi 10 wa theolojia ndani ya kanisa moja mjini Boston, na wengine 10 akawapa vitamini inayosababisha joto la ngozi, ili aone kama dawa ingeleta hisia za kidini. Wengi wa waliopewa silosaibini walisema ilileta. Hata hivyo, ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 1991 ulibaini kwamba mshiriki mmoja alichanganyikiwa kiasi cha kudungwa dawa ya kumtuliza, na ripoti ya awali haikulieleza tukio hilo.

Mwaka 1970 sheria ya Marekani iliziweka dawa hizi katika daraja lenye masharti makali kuliko yote, na mwaka 1971 Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu dawa zinazoathiri akili ukafanya vivyo hivyo kimataifa. Sheria haikuukataza utafiti moja kwa moja, ila ruhusa zilikuwa ngumu, fedha zikakauka, na daktari kijana aliyetaka kuulinda mustakabali wake alijifunza kutoligusa somo hilo. Hapo ndipo sayansi ilipokosea kwa upande wa pili, kwa sababu swali halikujibiwa bali liliachwa.

Ni nani aliyeufufua utafiti huu, na alifanya nini tofauti?

Walikuwa kadhaa, akiwemo Rick Strassman, aliyechunguza DMT huko New Mexico katika miaka ya 1990, na Franz Vollenweider mjini Zürich. Lakini jina linalofaa kukaziwa ni la Roland Griffiths wa chuo kikuu cha Johns Hopkins. Griffiths hakuwa mtu wa pembeni. Alikuwa ametumia miongo kuchunguza kafeini, dawa za usingizi na uraibu, na aliaminika kwa ukali wa mbinu zake. Alipoanza kufanya tahajudi, yaani kutulia na kutafakari kwa kina, akavutiwa na swali la fahamu, na akaamua kulipeleka swali hilo maabara kwa vipimo vilevile alivyovitumia kwa kafeini.

Jaribio lake lililochapishwa mwaka 2006 lilihusisha watu 36 wenye afya ambao hawakuwahi kutumia dawa za kuleta njozi. Walitayarishwa kwa mazungumzo ya siku kadhaa kabla ya dozi, wakalala kwenye kochi wakiwa wamefunikwa macho na kusikiliza muziki, huku wasimamizi wakiwa kando yao mchana wote. Katika vikao tofauti walipewa silosaibini au methilfenideti, dawa ya kuchangamsha ambayo mtu huisikia mwilini, na hawakuambiwa ipi ni ipi. Miezi miwili baadaye, takriban theluthi mbili walisema kikao cha silosaibini kilikuwa miongoni mwa matukio matano yenye maana zaidi maishani mwao. Ripoti hiyohiyo ilisema wazi kwamba 11 kati ya 36 walipata hofu kubwa wakati fulani wa kikao. Griffiths aliyaandika yote mawili katika ukurasa wa sayansi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya kazi yake na ile ya mwaka 1962. Alifariki mwaka 2023.

Dawa hizi hufanya nini kwenye ubongo?

Silosini hufanana kwa umbo na serotonini, kemikali ambayo seli za neva huitumia kupelekeana taarifa, na hujishikiza kwenye vipokezi vya serotonini vya aina ya 2A. Kikosi cha Vollenweider kilionesha jambo hili mwaka 1998 kwa njia iliyo nyepesi kueleweka: washiriki waliopewa kwanza dawa ya kuziba vipokezi hivyo, kisha silosaibini, hawakupata njozi.

Lililowashangaza wengi lilikuja baadaye. Kwa kuwa njozi huwa na rangi, hisia na mawazo tele, ilitarajiwa kwamba ubongo ungeonekana kufanya kazi kwa nguvu zaidi. Vipimo vya Imperial College London vilivyochapishwa mwaka 2012 vilionesha kinyume: mtiririko wa damu ulipungua, hasa katika sehemu za katikati zinazounganisha maeneo mengine. Nyingi ya sehemu hizo ni za mtandao unaoshughulika zaidi mtu anapotulia na kujifikiria, kukumbuka yaliyopita au kuhofia yajayo. Katika sonona, mawazo ya namna hiyo huweza kuzunguka palepale bila kukoma, ndiyo maana watafiti wanadhani kwamba kuulegeza mtandao huo kwa muda kunaweza kumpa mgonjwa nafasi ya kuliona tatizo lake kwa upya. Hii bado ni nadharia, ingawa ina mashiko.

Je, basi sayansi imegundua fahamu ni nini?

Hapana. Kipimo cha ubongo huonesha kinachobadilika pale fahamu inapobadilika. Hakielezi kwa nini seli na kemikali huambatana na hali ya mtu kujihisi yupo. Vilevile, mshiriki anapotoka kikaoni akisema amekutana na Mungu, au amehisi kuwa kitu kimoja na ulimwengu, dodoso linaweza kupima uzito wa hisia hiyo na kama inaambatana na kupona, lakini haliwezi kuthibitisha wala kukanusha alichokutana nacho. Muumini hana sababu ya kutishwa na utafiti huu, na asiyeamini hana silaha ndani yake. Mtafiti anayevuka mpaka huo, kwa upande wowote, anakuwa ameacha kusema kama mwanasayansi.

Ushahidi kwamba inatibu sonona una uzito gani?

Una uzito wa kutosha kuendelea kuchunguza, na hautoshi kuitangaza kuwa tiba kwa wote. Mwaka 2016 majaribio mawili, moja la Johns Hopkins lenye wagonjwa 51 na lingine la chuo kikuu cha New York lenye 29, yalionesha kwamba watu wenye saratani waliosongwa na wasiwasi na sonona walipata nafuu ya haraka, ambayo kwa wengi ilidumu kwa miezi. Mwaka 2021 watafiti wa London waliilinganisha silosaibini na esitalopramu, dawa ya kawaida ya sonona, kwa wagonjwa 59. Katika kipimo kikuu kilichopangwa tangu mwanzo, hakukuwa na tofauti ya kitakwimu kati ya dawa hizo mbili.

Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa kuliko hayo, la wagonjwa 233 ambao dawa za kawaida hazikuwa zimewasaidia. Baada ya wiki tatu, asilimia 37 ya waliopewa miligramu 25 walikuwa wamepata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 18 ya waliopewa miligramu 1. Kufikia wiki ya 12, waliobaki na nafuu hiyo walikuwa asilimia 20 tu katika kundi la dozi kubwa. Isitoshe, wagonjwa watatu wa kundi hilohilo walionesha tabia za kutaka kujidhuru. Msomaji anayeonyeshwa ile asilimia 37 peke yake anapaswa kuuliza habari ya wiki ya 12.

Kuna tatizo jingine ambalo halijapata dawa. Jaribio bora la kitabibu humficha mgonjwa asijue kama amepewa dawa halisi au plasibo, yaani kidonge kisicho na kiambato chenye nguvu, ili matumaini yake yasichanganywe na kazi ya dawa. Lakini mtu aliyeona kuta zikipumua hujua alichopewa, na aliyekaa mchana kutwa bila kuona chochote hujua pia, tena huweza kuvunjika moyo na kujieleza vibaya kuliko alivyo. Hii ni mojawapo ya sababu zilizotajwa mwaka 2024, pale jopo la washauri la mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, lilipoitilia shaka tiba ya MDMA, dawa nyingine inayobadili hisia, kwa watu wenye kiwewe, na mamlaka ikakataa kuiidhinisha mwezi Agosti. Wapo waliokuita kukataa huko ni kufunga mlango kwa mara ya pili. Sioni hivyo, kwa sababu safari hii swali lilisikilizwa, takwimu zilisomwa, na waombaji wakaambiwa walete jaribio jingine. Australia nayo ilichagua njia nyingine: tangu Julai 2023 madaktari wa akili wenye kibali maalumu wanaweza kuandika silosaibini kwa sonona sugu na MDMA kwa kiwewe.

Ni nani hasa aliye hatarini?

Mtu aliyewahi kuugua skizofrenia au saikosisi, ambapo mtu huona au kuamini yasiyokuwepo, au bipola, ambapo hisia hupanda na kushuka kupita kiasi, au ambaye ndugu yake wa karibu anaugua, huondolewa kwenye majaribio haya, kwa kuwa dawa inaweza kuamsha ugonjwa. Wenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa na magonjwa ya moyo nao huondolewa, kwani mapigo na shinikizo hupanda wakati wa kikao. Anayetumia lithiamu, dawa ya wenye bipola, anaweza kupata degedege. Anayeacha ghafla dawa zake za sonona ili ajaribu uyoga anajiweka katika hatari mbili kwa pamoja.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote kwa mtu wa kawaida ni uyoga wenyewe. Uyoga wa porini wenye sumu hufanana na usio na sumu, na baadhi huharibu ini kabisa wakati mgonjwa akidhani amekwisha kupata nafuu. Mtu aliyekula uyoga asioujua apelekwe hospitali mara moja, hata kama hana dalili, na mabaki ya uyoga yachukuliwe pamoja naye.

Hatari nyingine hutoka kwa watu. Aliye chini ya dawa hizi hulegea na kuamini kupita kawaida, na umewahi kutokea unyanyasaji wa kingono uliofanywa na mtoa tiba ndani ya jaribio rasmi. Ndiyo maana majaribio makini huweka wasimamizi wawili chumbani.

Je, dawa hizi zinaruhusiwa Afrika Mashariki?

Silosaibini, LSD na DMT ni dawa zilizopigwa marufuku, kwa Kenya chini ya sheria ya mwaka 1994 na kwa Tanzania chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Anayekuuzia kwa jina la tiba anakuuzia kosa la jinai, na huna njia ya kujua kilichomo.

Ipo hata hivyo dawa moja ya jirani ambayo hospitali zetu zinaijua vizuri, nayo ni ketamini, inayotumika kila siku kumlaza mgonjwa wa upasuaji na ambayo Shirika la Afya Duniani limeiorodhesha miongoni mwa dawa muhimu. Ketamini haifanyi kazi kupitia serotonini kama silosaibini, lakini hubadili fahamu, na katika dozi ndogo imeonesha kupunguza sonona kali ndani ya saa chache. Aina yake moja, esketamini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019. Nayo huweza kuleta uraibu na kuharibu kibofu cha mkojo ikitumiwa ovyo, kwa hiyo hutolewa na daktari peke yake.

Nina sonona sasa. Nisubiri utafiti huu?

Usisubiri. Nenda kituo cha afya ueleze usingizi wako, hamu yako ya kula, huzuni yako, na kama umefikiria kujiua useme hivyo bila kuficha, ili usaidiwe siku hiyohiyo. Dawa kama fluoksetini na amitriptilini zinapatikana katika hospitali nyingi, na huchukua wiki kadhaa kuonesha nguvu yake.

Na kuna tiba isiyo ya dawa ambayo nayo ilidhaniwa haiwezekani. Miaka ya nyuma wataalamu wengi waliamini kwamba tiba ya mazungumzo ni ya miji tajiri yenye madaktari wa akili. Watafiti waliijaribu katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, kusini magharibi mwa Uganda, wakiwafundisha wenyeji wasio madaktari kuongoza vikundi vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Vijiji vilivyopata tiba vilichaguliwa kwa bahati nasibu, na matokeo yalichapishwa mwaka 2003: mwishoni, asilimia 6.5 ya waliokuwa katika vikundi ndio waliobaki na sonona kali, dhidi ya asilimia 54.7 ya wale ambao hawakupata vikundi. Uliza katika kituo chako kama kuna kikundi cha namna hiyo, au mshauri nasaha aliyefunzwa kukianzisha.