Kichupa cha saa tisa usiku: huruma ya kiongozi hospitalini inaanzia wapi?

Chukua mfano wa muuguzi aliyebaki peke yake wodini saa tisa usiku. Mwenzake wa zamu ameugua na hakuna aliyeletwa kushika nafasi yake. Anavuta droo, anachukua kichupa cha maji ya kuchanganyia dawa, anavunja shingo, anaingiza sindano. Kabla hajavuta, jicho linatua kwenye maandishi: kloridi ya potasiamu, ile kali ambayo haijazimuliwa. Ikisukumwa mshipani hivyo hivyo inaweza kusimamisha moyo. Vichupa vya aina zote mbili vinalingana kimo, vinang'aa sawa, na vimelazwa kwenye droo moja. Anakitupa, anasubiri mikono iache kutetemeka, anachukua kingine. Mgonjwa amelala, hana habari.

Asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, atasema?

Hilo halitegemei sana uadilifu wake. Linategemea yaliyompata mtu wa mwisho aliyesema. Kama mwezi uliopita mwenzake alikiri kosa akafokewa mbele ya wanafunzi na kuandikiwa barua, huyu atanyamaza, na vichupa vitaendelea kulala pamoja vikimsubiri mwingine. Ndiyo maana sisi tunaofundisha uongozi wa huduma za afya tukiulizwa huruma ni nini huanzia kwenye droo.

Neno lenyewe linatutatiza kidogo. Kwa Kiswahili, kumwonea mtu huruma mara nyingi hutoka juu kwenda chini: anayeona ana nafuu, anayeonewa hana. Basi wakuu wa idara wakisikia habari ya uongozi wenye huruma hudhani wanaambiwa walegeze kamba, wavumilie uchelewaji, wasimkaripie mtu. Mwanasaikolojia Michael West wa Uingereza, aliyeandika sana kuhusu uongozi wa aina hii katika afya, anautazama kwa mambo manne: kumsikiliza mtu kwa makini, kuelewa kinachomsibu, kuguswa nacho, kisha kumsaidia. Kwa uzoefu wetu, wengi hukomea la tatu. Kiongozi anapita wodini, anasema "poleni na kazi", wanaitikia "tumeshapoa", anaondoka. Hakuna aliyepoa.

Turudi kwa muuguzi wetu. Tuseme amepiga moyo konde.

"Matroni, usiku nusura nichome potasiamu."

"Ulikuwa unaangalia wapi?" Hapo mazungumzo yamekwisha. Amejifunza yeye, na wamejifunza wote waliosikia.

Au matroni anavuta kiti: "Kaa kwanza, dada. Hebu nieleze, droo ilikuwaje?" Sasa atajua kuhusu vichupa, taa iliyoungua na mwenzake asiyekuja. Swali la pili halijamwondolea muuguzi wajibu wake wa kusoma maandishi kabla ya kuvuta dawa. Limempa kiongozi habari ambazo asingezipata kwa njia nyingine yoyote.

Miaka ya 1990 Amy Edmondson, akiwa bado anasomea uzamivu Harvard, alichunguza makosa ya dawa katika wodi kadhaa za hospitali. Alitarajia wodi zenye uongozi mzuri na watu wanaoelewana ziwe na makosa machache. Takwimu zikamgeukia: ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Alipochimba zaidi, maelezo yaliyoonekana kufaa ni kwamba watu wa wodi hizo hawakuogopa kusema. Kwingine makosa yalifichwa. Kwa hiyo mkurugenzi anayejivunia kwamba hospitali yake haijapokea hata taarifa moja ya kosa mwaka mzima, sisi hutushtua kuliko kutufurahisha.

Na kosa likimfikia mgonjwa kweli? Mgonjwa na familia yake ndio wa kwanza kuhudumiwa na kuelezwa ukweli, hilo halina mjadala. Lakini mwaka 2000 daktari Albert Wu wa Marekani aliandika kuhusu mtu mwingine anayeumia, akamwita mwathirika wa pili: mtumishi aliyelitenda kosa. Hukosa usingizi, hulirudia tukio kichwani, huogopa kila sindano. Kumrudisha zamu usiku huohuo kana kwamba halikutokea neno ni hatari kwake na kwa wagonjwa watakaofuata.

Wewe uliyemlaza mzazi wako unaweza kusema haya ni ya watumishi wenyewe. Lakini kumbuka muuguzi aliyekujibu kwa mkato ulipouliza hali ya mama. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi uliokithiri kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuibeza, na kuona kwamba huna tena unachokimudu. Shirika hilo linasema hali hii inatokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Si kila ukali ni uchovu, wapo wakali wa kuzaliwa. Ila ikiwa wodi nzima inajibu kwa mkato, iangalie ratiba ya zamu kabla ya kulaumu malezi ya watu.

Kuna mahali huruma inadai ukali. Yule daktari bingwa anayewatukana wenzake na kuachwa kwa sababu ana mikono mizuri ni mzigo wa kila mtu, kwani hakuna atakayethubutu kumwambia kwamba anakaribia kupasua upande usio sahihi. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya orodha ya usalama wa upasuaji katika hospitali za miji minane duniani, Ifakara ikiwemo. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo ina mambo mengi, na mojawapo ni dogo mno: kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Aliyekwisha kutaja jina lake mbele ya bingwa hapati tabu sana kufungua kinywa tena.

Matroni wa mfano wetu alikuwa na mawili ya kushughulikia. Potasiamu ilitoka wodini siku hiyohiyo ikafungiwa kwenye stoo ya dawa. La pili, mtu wa kujaza pengo la usiku, halikuwa mikononi mwake. Kwenye kikao cha Jumatatu angeweza kulinyamazia, au kutoa ahadi asiyoweza kuitimiza. Akawaambia: "Mtu bado sijapata. Barua ya kwanza haikujibiwa, ya pili iko mezani kwa mkurugenzi. Nitaiulizia Alhamisi, na Ijumaa nitawaambia alichosema, hata kama amekataa."