Kujiandaa kwa Mtihani wa Usanifu wa Mifumo ya Kompyuta

Katika kila darasa la maandalizi ya vyeti vya usanifu wa mifumo, wanafunzi kadhaa hufika siku ya kwanza na madaftari yaliyojaa majina ya huduma za AWS, kampuni ya Amazon inayokodisha kompyuta kupitia intaneti. Wanajua kwamba S3 huhifadhi mafaili, kwamba EC2 hukodisha seva, na kwamba RDS huendesha hifadhidata. Ukiwauliza ni katika mazingira gani mtu hapaswi kukodisha seva kabisa, darasa hunyamaza. Ukimya huo ndio ulionisukuma kuandika makala haya, kwa kuwa mtihani wanaouendea unawataka waamue, na uamuzi haujifunzwi kwa kukariri orodha.

Nichukue mfano wa cheti kinachotafutwa sana na wataalamu wetu wa TEHAMA, AWS Certified Solutions Architect – Associate. Toleo lake la SAA-C03, lililoanza kutumika Agosti 2022, lina maswali 65 yanayofanywa kwa dakika 130. Maswali 50 ndiyo yanayohesabiwa. 15 yaliyobaki ni ya majaribio na hayatambulishwi, hivyo hakuna faida ya kuyawinda. Alama hutolewa katika kipimo cha 100 hadi 1,000, na anayefikisha 720 amefaulu. Usanifu salama una uzito wa asilimia 30, usanifu unaostahimili hitilafu asilimia 26, utendaji wa kasi asilimia 24, na udhibiti wa gharama asilimia 20. Ada ni dola 150 za Marekani, na cheti hudumu kwa miaka 3.

Swali la mtihani huu kwa kawaida husimulia kisa cha kampuni yenye tatizo, kisha huweka majibu ambayo mawili au zaidi yangeweza kufanya kazi. Kinachoyatenganisha ni maneno machache ndani ya swali, kwa mfano "kwa gharama ndogo kuliko zote", au "bila kubadilisha programu iliyopo", au "kwa kazi ndogo ya uendeshaji". Mtahiniwa anayeyaruka maneno hayo huchagua jibu sahihi la swali ambalo hakuulizwa.

Tuchukue visa viwili vya nyumbani. Cha kwanza ni mfumo wa kutangaza matokeo ya mtihani wa taifa. Kwa miezi mingi hakuna anayeufungua, kisha siku moja wazazi, walimu na watahiniwa wote wanaufungua ndani ya saa hiyo hiyo. Msanifu mchanga huwaza mara moja seva kubwa na hifadhidata yenye nguvu. Hata hivyo, matokeo yakishatangazwa hayabadiliki kila dakika, na kila msomaji anaona ukurasa ule ule. Kurasa hizo zinaweza kutengenezwa mapema, zikawekwa kama mafaili katika S3, na nakala zake zikasogezwa karibu na wasomaji kupitia huduma ya CloudFront. Hifadhidata haiguswi kabisa siku hiyo, na ikipita hakuna seva kubwa inayoendelea kulipiwa bure.

Kisa cha pili ni uuzaji wa tiketi za mabasi ya mikoani wakati wa sikukuu. Hapa pia watu ni wengi kwa wakati mmoja, lakini suluhisho la kwanza halifai hata kidogo, kwa sababu kiti namba 14 kikiuzwa Dar es Salaam hakiruhusiwi kuonekana kitupu Morogoro. Hapa hifadhidata inayolinda miamala haikwepeki. Kisha kuna malipo ya simu, ambayo uthibitisho wake unaweza kuchelewa au kufika mara mbili. Ukizipitisha taarifa za malipo katika foleni ya kawaida ya SQS, huduma ya AWS ya kupanga ujumbe unaosubiri kushughulikiwa, fahamu kwamba foleni hiyo huahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja, haiahidi mara moja tu. Kwa hiyo programu inayopokea lazima itambue namba ya muamala iliyokwisha kushughulikiwa, la sivyo abiria mmoja atakatiwa tiketi mbili. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini visa hivi viwili, vyenye msongamano unaofanana, vinadai michoro tofauti, huyo ameanza kuwa msanifu.

Eneo jingine linaloangusha wengi ni ustahimilivu, na hapa hesabu kidogo inasaidia. Huduma inayopatikana kwa asilimia 99.9 ya muda inaweza kukosekana kwa dakika zipatazo 43 katika mwezi wa siku 30. Ukiunganisha huduma mbili za namna hiyo kwa mfululizo, moja ikiitegemea nyingine, upatikanaji unashuka hadi takriban asilimia 99.8, yaani dakika 86. Ukiziweka sambamba, yoyote kati yake ikiweza kubeba kazi peke yake, unapanda hadi asilimia 99.9999, lakini kwa sharti kwamba moja haiangushwi na kile kinachoiangusha nyingine. Sharti hilo tulilionja sisi wenyewe tarehe 12 Mei 2024, pale mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipopata hitilafu kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Njia zilikuwa mbili kwenye karatasi; baharini zilipita eneo moja. Ndiyo maana AWS hutenganisha vituo vyake katika kanda zilizo mbalimbali, zinazoitwa Availability Zones (AZ), na ndiyo maana swali linalotaja kuzimika kwa kituo kizima haliwezi kujibiwa kwa seva mbili zilizo katika kanda moja.

Mtego wa karibu na huo unahusu RDS. Mpangilio wa Multi-AZ, yaani wa kanda zaidi ya moja, wenye hifadhidata moja ya akiba umewekwa ili kazi iendelee pale ya kwanza inapozimika. Akiba hiyo haisomwi na watumiaji. Anayetaka kuongeza kasi ya usomaji hutumia nakala za kusoma. Mtihani unapenda mno kuvichanganya viwili hivi.

Kuhusu namna ya kujisomea, ushauri wangu ni kuchora. Chukua mfumo unaoujua, uwe wa SACCOS ya mtaani au wa zahanati, uchore, kisha chini ya kila kisanduku uandike sentensi mbili: kwa nini umechagua hiki, na umepoteza nini kwa kukichagua. Mwombe mwenzako aondoe kisanduku kimoja na akuulize nini kitatokea. Baada ya hapo jenga sehemu yake katika akaunti halisi, ila weka kwanza tahadhari ya bajeti, kwani baadhi ya vifaa, NAT Gateway (lango la seva za ndani kutokea kwenye intaneti) kikiwemo, hutozwa kwa saa hata visipopitisha chochote. Nimeona mwanafunzi akilipia jaribio alilolisahau kwa wiki tatu.

Wanaouza maswali yaliyoibwa msiwafuate. Cheti kinaweza kufutwa, na usaili wa kazi wa nusu saa hutosha kumuumbua aliyekipata kwa njia hiyo.

Mtihani haufanyiki kwa Kiswahili, na wengi wetu huufanya kwa Kiingereza. Kwa asiyekuwa na Kiingereza kama lugha ya kwanza, AWS inaruhusu dakika 30 za nyongeza. Nyongeza hiyo huombwa kupitia akaunti ya mtahiniwa kabla ya kupanga tarehe ya mtihani, maana ukishapanga, haiingizwi yenyewe katika nafasi uliyokwisha kuchukua.