Kwa Nini Kinga ya Mwili Huvamia Viungo na Damu ya Mwenyewe?

Alfajiri moja shangazi yangu aliketi juu ya mbuzi akune nazi, kizio kikamponyoka. Akakiokota, kikamponyoka tena. Alipoinua mikono nikaona vifundo vya vidole vimevimba, vya kulia na vya kushoto, kama vimepimana. "Vyanda havikunjiki, mwanangu," akaniambia. "Ni baridi hii."

Baridi gani, Mji wa Kale? Hata mwezi wa saba, kusi likivuma, feni ya pale nyumbani haizimwi. Lakini hakuwa amelitoa neno hilo hewani. Ugonjwa wa viungo tunauita baridi yabisi, na maneno yote mawili yametoka Kiarabu: baridi ni baridi, na yabisi ni kikavu, kilichokauka kikawa kigumu. Yalikuja na tiba ya kale iliyougawa mwili kwa tabia nne: joto, baridi, ubichi na ukavu. Kiungo kilichokaza kilihesabiwa kimeingiwa na baridi na ukavu, kwa hiyo kikakandwa kwa mafuta ya moto. Jina likabaki. Lakini nilipokishika kifundo cha shangazi kilikuwa cha moto, moto kuliko ngozi ya pembeni yake. Ndani mle mlikuwa na vita, na askari, yaani kinga ya mwili, walikuwa wake mwenyewe.

Kwanza tutenganishe mambo, kwa maana Mombasa maumivu ya viungo yana milango mingi. Kuna goti la mtu mzima lililochakaa kwa miaka ya kupanda ngazi na kubeba mizigo: huuma likitumika na hupoa likipumzishwa. Kuna jongo, ambalo mara nyingi huanzia kidole gumba cha mguu, usiku, kwa kishindo. Na kuna chikungunya, ambayo jina lake ni la Kimakonde, la kupinda kwa maumivu, tangu ulipozuka kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Huku kwetu ulitupiga mwaka 2004, ukarudi mwishoni mwa 2017, na wako waliobaki wakichechemea kwa miezi. Lakini chikungunya huanza kwa homa kali ya ghafla, na mara nyingi jirani naye ameshikwa. Ya shangazi ilikuja polepole, pande zote mbili, kwenye vifundo vidogo. Akiamka vidole vimekaza, na hawezi kufunga kifungo cha nguo mpaka saa tatu asubuhi. Kukaza huko kwa zaidi ya nusu saa kila asubuhi, wiki baada ya wiki, ndiko kunakomfanya daktari wa viungo ashtuke.

Sasa swali lenyewe: askari wanamkosea vipi mwenye nyumba?

Zamani wataalamu waliamini jambo hilo haliwezekani. Mnamo 1900 Paul Ehrlich, mtafiti wa Ujerumani, aliwadunga mbuzi damu ya mbuzi wengine. Wakatengeneza kingamwili, yaani zile protini zinazomshika mgeni na kumtia alama aangamizwe, dhidi ya damu ile ngeni. Dhidi ya damu yao wenyewe hawakutengeneza kitu. Ehrlich akasema mwili una hofu ya kujitia sumu. Haikupita miaka mingi: mwaka 1904, mjini Vienna, Julius Donath na Karl Landsteiner wakawachunguza wagonjwa waliokuwa wakikojoa mkojo mweusi kila walipopigwa na baridi. Wakakuta ndani ya damu yao kuna kingamwili inayozinasa chembe nyekundu za mwenyewe wakati wa ubaridi, na damu ikipata joto tena chembe zile hupasuka. Huo ni ugonjwa ambao baridi inahusika kweli, na ndio ulioonyesha mapema kwamba mwili huweza kujipiga wenyewe.

Askari hawa wana chuo. Seli nyeupe ziitwazo seli T hupitia kwenye tezi ndogo kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari, na huko hujaribiwa: inayoshika kwa nguvu vitu vya mwili wenyewe huuawa kabla haijatoka. Lakini hakuna mchujo usiopitisha kitu, na baadhi hutoroka. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kwamba kuna kundi jingine la seli T ambalo kazi yake ni kuwatuliza wenzao. Mary Brunkow na Fred Ramsdell, Marekani, wakaipata mwaka 2001 jeni ambayo ikiharibika mwili hujishambulia kila upande, na baadaye ikabainika kwamba jeni hiyo ndiyo inayowaunda watulizaji wale. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025. Mimi naona ugunduzi huu umebadilisha swali. Askari wakosefu wamo ndani ya kila mmoja wetu, wewe na mimi; la kuuliza ni kwa nini kwa shangazi hawakutulizwa.

Jibu si moja. Kuna urithi. Kuna jinsia: wanawake hupata ugonjwa huu mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Kuna sigara, na kuna maradhi ya fizi. Vitu hivi viwili vinahusishwa na badiliko dogo kwenye protini za mwili, kama mtu wa nyumbani aliyebadilisha nguo akapita gizani: askari hamtambui, anampigia kelele. Kingamwili dhidi ya protini hizo zilizobadilika huweza kuonekana kwenye damu miaka kadhaa kabla kidole cha kwanza hakijauma. Yaani shangazi alikuwa akikuna nazi kwa raha zake na vita vimeshaanza.

Ukila mguu wa kuku, mwisho wa mfupa kuna kitu cheupe chenye kung'aa, kinachoteleza ulimini. Hilo ni gegedu. Kwenye kiungo cha mtu mifupa miwili hukutana gegedu kwa gegedu, katikati yake mna ute unaoteleza, na mfuko mzima umezungushiwa utando mwembamba. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Hula kama sponji: ukikanyaga linakamuliwa, ukiinua mguu linanyonya ute pamoja na chakula chake. Sehemu kubwa yake ni maji, na seli zinazolitunza ni chache mno, zimetawanyika humo mbalimbali kama visiwa. Nyuzi zinazolishikilia tulijengewa ujanani, na ukubwani mwili hauzifumi upya ila kidogo sana.

Askari wakiingia kwenye utando, utando hunenepa. Hutoka kwenye unene wa karatasi ukawa nyama, ikatambaa juu ya gegedu kutoka pembeni kuelekea katikati, ikimwaga vimeng'enya vinavyokatakata zile nyuzi. Pembeni seli za kula mfupa nazo zinaamshwa. Na kwa kuwa gegedu halina fahamu, kuliwa kwake hakuumi. Kinachouma ni utando na mfupa. Ndiyo maana mtu akimeza vidonge vya maumivu akapata nafuu hudhani amepona, na huku chini ulaji unaendelea.

Binti ya shangazi yeye alishikwa kwenye damu. Alianza kwa fizi kutoka damu akipiga mswaki, kisha mapajani kukatokea mabaka ya damu iliyovilia bila kuanguka wala kugongwa. Chembe sahani, zile zinazoziba jeraha, mtu mzima huwa nazo 150,000 hadi 450,000 katika kila tone dogo la maikrolita moja. Zake hazikufika 20,000. Uboho wake ulikuwa ukizitengeneza. Wengu ndio uliokuwa ukizila, kwa sababu kila moja ilikuwa imetiwa alama na kingamwili.

Tunajua hivi kwa sababu ya daktari mmoja aliyejitoa. Mwaka 1950, St. Louis, Marekani, William Harrington alijitia mwilini damu ya mgonjwa wa aina hiyo. Ndani ya saa chache chembe sahani zake zikaporomoka hadi kiwango cha kutishia maisha, na zikachukua siku kadhaa kurudi. Kitu kilichokuwa kikiziua kilikuwa kinaelea kwenye damu yenyewe. Kwa chembe nyekundu kipimo kilikuwa kimeshapatikana mwaka 1945, pale Robin Coombs na wenzake wa Cambridge walipobuni njia ya kuzigundua chembe zilizotiwa alama. Chembe nyekundu huishi kama siku 120. Zikiuawa kabla ya wakati macho huwa manjano, mkojo huwa wa rangi ya chai, pumzi hukatika. Huku pwani dalili hizo kila mtu hudhani ni malaria au siko seli, na mara nyingi ndivyo. Ikiwa sivyo, kipimo cha Coombs ndicho huonyesha.

Dawa zimefuata njia ya utafiti huo. Mwaka 1948 Philip Hench wa Marekani alimdunga kotisoni, homoni inayotuliza kinga, mgonjwa wa viungo aliyekuwa hawezi kutembea, na baada ya siku chache akawa anatembea. Dunia ilishangilia, kisha ikaona gharama: mifupa hudhoofika, sukari hupanda, uso huvimba. Leo mgonjwa wa viungo huanziwa methotrekseti, ambayo humezwa mara moja kwa wiki. Narudia, kwa wiki, maana wako waliokufa kwa kuimeza kila siku. Huongezwa pengine haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini tuliyoimeza sote utotoni kwa malaria, ile chungu.

Ikilia mbiu ya mgambo kuna jambo. Ndani ya kiungo mbiu hiyo ni protini ndogo iitwayo TNF, inayowaita askari waje. Kwa shangazi ilikuwa inalia bila kunyamaza. Marc Feldmann na Ravinder Maini, London, walifikiri hivi: badala ya kuwaua askari wote, tuinyamazishe mbiu. Mwaka 1992 wakawadunga wagonjwa kingamwili iliyotengenezwa maabara kuishika TNF, na viungo vikatulia. Sindano hizo zipo Kenya, ila bei yake bado ni ya wachache, na hilo linaniuma.

Shangazi yuko kwenye vidonge. Humeza kila Ijumaa, akishasali, na kila baada ya miezi michache hupimwa damu na ini. Asubuhi vidole vinakunjika, na mbuzi ameirudia. Chanda cha kati cha mkono wa kulia hakijanyooka. Daktari amemwambia hakitanyooka: gegedu la pale lilikuwa limeshaliwa ile miezi aliyokuwa akikikanda kwa mafuta ya moto.