Mbona natolewa damu mara mbili? Kuhusu kipimo cha plateleti

Kila dengi ikianza kutajwa Dar, pale maabara yetu tunaulizwa swali moja kutwa nzima: asubuhi nimetolewa damu, mchana naambiwa nirudi nitolewe tena, ile ya kwanza mmeipeleka wapi? Jamani, hatuuzi damu ya mtu, na mililita mbili tatu zingemfaa nani?

Plateleti, wengine wanaziita chembe sahani, ni vile vichembe vya damu vinavyoziba jeraha, na kawaida ni 150,000 mpaka 450,000 kwenye maikrolita moja. Ukijikata kisu ukimenya kitunguu zinanasa pale mshipa ulipochanika, zinaota kama miiba, zinaitana, zinarundikana mpaka zinaziba, halafu nyuzi za faibrini zinafumwa juu yake kama wavu. Sasa hiyo kazi hazijui kama ziko mwilini au ziko kwenye kichupa. Damu ikitoka kwa kusuasua zinaanza kushikana humo humo, na mashine haihesabu bonge, inahesabu zile zinazoelea tu, kwa hiyo mtu mzima wa afya anaweza kusomeka kama anakaribia kuvuja damu.

Ndio maana kichupa cha kifuniko cha zambarau chenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, kinajazwa mpaka kwenye mstari na kupinduliwa taratibu mara 8 mpaka 10, hakitikiswi. Kikija na bonge tunakikataa, tunaandika kwenye rejista sababu, saa, na jina la aliyepokea simu wodini. Kisicho na jina kinatupwa, hata mwenyewe awe amesimama dirishani anasema ni changu, na mfanyakazi atakayekiandika jina baadaye atajieleza kwa maandishi. Tafadhali msitugombeze kwa hilo. Wapo pia wachache ambao plateleti zao zinashikana kwa sababu ya hiyo EDTA yenyewe, hao tunawatoa damu kwenye kichupa cha bluu chenye sitreti, dawa nyingine ya kuzuia kuganda ila ya majimaji, na kwa kuwa inaichanganya damu kidogo jibu tunalizidisha kwa 1.1.

Na hili la kwamba juisi ya majani ya mpapai inapandisha plateleti, kwa kweli tumechoka kulieleza. Kwenye dengi plateleti zinashuka sana pale homa inapokata, baada ya siku chache zinapanda zenyewe, basi aliyekunywa juisi siku hiyo anaipa sifa yote. Kibaya zaidi ni aspirini au diklofenaki ya duka la dawa. Aspirini ikishaigusa plateleti imeilemaza maisha yake yote, yaani siku 7 mpaka 10. Homa ni parasetamoli, kwa dozi uliyoandikiwa.

Ukiona fizi zinatoa damu, choo cheusi, tumbo linauma sana, au vidoti vyekundu kwenye ngozi visivyopotea ukibonyeza, usisubiri jibu la maabara, nenda hospitali muda huo huo. Ukiitwa tu kurudia kipimo, njoo na karatasi yako ile ile ya kwanza, kwetu hulipi tena.