Mfuko wa mkojo umejaa, figo bado haijapona

Juzi nimeambiwa tena. Kijana kanyanyua mfuko wa mkojo wa baba yake, mweupe kama maji ya bomba: "Daktari, si unaona umetoka wote? Figo zimeshapona, turuhusu tuondoke." Mzee ana tezi dume iliyovimba ikaziba mkojo, kawekewa mpira wa kuutoa usiku, na asubuhi mfuko ulishamwagwa mara tatu.

Tuanze na huo mkojo unaowafurahisha watu. Figo iliyozibwa hupungukiwa akwaporini-2, yaani milango ya maji kwenye mirija yake ya mwisho, pamoja na protini zinazorudisha chumvi mwilini. Mpira ukiingia, milango hairudi siku hiyohiyo. Maji yanamwagika kwa sababu figo haiwezi kuyashika. Mkojo ukipita mililita 200 kwa saa, saa mbili mfululizo, mimi naangalia presha, sodiamu na potasiamu. Hiyo si siku ya kuruhusu mtu.

Halafu kuna hili linalonichosha: eti mkojo "unarudi nyuma na kuchoma figo," kwa hiyo ukitolewa, moto umezimika. Hapana! Mkojo hauchomi. Shinikizo ndilo linalovuta seli za mirija, na seli iliyovutwa huanza kutuma ishara. Angiotensini II, homoni ya kubana mishipa, inapanda ndani ya figo, damu na oksijeni vinapungua. NF-kappa B, swichi ya uvimbe ndani ya seli, inaamka; MCP-1, protini ya kuita, inaita makrofaji, yaani seli za kinga, nao wakifika wanaongeza ishara nyingine mbili, TNF-alfa na TGF-beta 1. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoleta kovu: inasukuma seli za mirija zijiue, na inaamuru kolajeni, yaani nyuzi za kovu, imwagwe kati ya mirija. Ukizibua njia leo, shinikizo linashuka leo. Makrofaji hawaondoki leo, na kolajeni iliyokwisha kushikamana huenda isiondoke kabisa.

Kwenye hadubini, slaidi ikiwa na rangi ya trikromu, inayopaka kolajeni buluu, inaonekana wazi. Mirija imetanuka, seli zilizokuwa nene zimelala bapa, na kati ya mrija na mrija, mahali palipotakiwa kuwa na uwazi mwembamba, pamejaa buluu. Buluu hiyo ndiyo kovu.

Zile seli zinazofuma kolajeni zinatoka wapi? Kwa miaka tuliwafundisha wanafunzi kwamba ni seli za mirija zenyewe zimejigeuza. Majaribio ya kufuatilia ukoo wa seli kwenye panya yakaonyesha nyingi zinatokana na perisaiti (seli zinazozunguka mishipa midogo ya damu) na fibroblasti (seli za tishu unganishi) za palepale, na ubishi haujaisha. Isitoshe, panya huyo kafungwa ureta, mrija wa kutoka figo hadi kibofu, kwa uzi, ghafla na kabisa. Mzee wetu kaziba taratibu kwa miaka. Dawa za kuzuia angiotensini hupunguza kovu la panya. Siwezi kumpa mzee ambaye kriatinini yake, taka ya damuni inayopima kazi ya figo, bado iko juu kwa ushahidi huo peke yake.

Na kriatinini nayo isikudanganye. Ureta moja ikiziba, kwa jiwe au kichocho, figo ya pili inabeba mzigo na kipimo kinasoma sawa. Maumivu ya jiwe yakikata bila jiwe kuonekana likitoka, rudi upige ultrasaundi.

Nilimweleza kijana hivyohivyo. Akauliza, "Sasa tukae mpaka lini?" Nikamwambia mpaka mkojo upungue wenyewe na kriatinini ishuke na kutulia, kisha tutarudia kipimo baada ya wiki chache, maana hapo ndipo tutajua figo imebaki na nini.